Nusu ya Sahani ya Mama

Mimi si mtu wa kutulia. Tangu utotoni nainuka-inuka tu, na kazi niliyochagua haikunisaidia: nachunguza jinsi ubongo unavyoona. Pale chuo kikuu, hapa Bukavu, naketisha wanafunzi mbele ya kompyuta, nawaonyesha vidoti kushoto na kulia, napima ubongo unashika upande gani kwanza. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, nagombana na kila mtu mpaka urudi.

Kisha mshipa ukaziba upande wa kulia wa ubongo wa mama yangu, na yale ninayofundisha darasani yakahamia nyumbani kwetu Kadutu. Macho yake yalikuwa mazima. Ila kwake upande wote wa kushoto ulikuwa umefutika, naye hakujua kama umefutika. Alichana nywele za kulia tu. Ukimsemesha kutoka kushoto, alimjibu aliye kulia. Majirani wakasema maman amekuwa na kiburi. Kiburi wapi! Kwake hatukuwepo.

Dada yangu anayeishi naye alihamishia kila kitu kulia: kiti, redio, kikombe. Mimi nilikataa. Nilimwambia ubongo hujifunza ukilazimishwa, kwa hiyo lazima mtu akae kushoto, amshike mkono huo na kumwita mpaka ageuke. Kila nilipotoka kazini nilipanda Kadutu, nikaketi kushoto, nikamkanda vidole huku mguu wangu ukitikisika wenyewe. Dada alinijibu kwamba majaribio niwafanyie wanafunzi, maman nimwachie apumzike. Tukanuniana.

Hapo ndipo posa ya kaka yetu mdogo ilipotukuta. Kwetu, kabla ya kuzungumzia mahari, msichana anakuja na mashangazi zake, anapika, anamwandalia mama mkwe kwa mikono yake. Hakuna anayemuuliza mama kama amekubali. Wanatazama sahani. Ikirudi tupu, mazungumzo yanaendelea; akibakiza chakula, wageni wanafunga safari. Tulikuwa tumeshaahirisha siku hiyo mara moja, na hatukuwaambia watu wa msichana kuhusu ugonjwa, maana kaka aliogopa watasema nyumba yetu imerogwa. Nilimwambia huo ni upuuzi, lakini hata mimi nilinyamaza.

Wakaja kutoka Kavumu, viatu vimejaa tope. Msichana alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, visamaki vya ziwani, na harufu yake ikatufanya wote tumeze mate. Mlango wa jikoni uko kushoto kwa kiti cha mama, basi akapiga magoti hapohapo, kando yangu, akaweka sahani mbele ya mama na kusalimia kwa heshima zote. Mama hakuitikia. Akamwomba dada, aliyeketi kulia kwake, maji ya kunawa, akaanza kula.

Alikula kwa hamu, huyo mama yangu! Alikula mpaka katikati ya sahani, pale bugali ilipobaki imekatwa wima kama kwa kisu, kisha akanawa na kuegemea kiti. Nusu ya kushoto haikuguswa. Shangazi mkubwa alisema wameona, wanashukuru, akaokota mkoba wake. Msichana aliinamisha kichwa. Kaka alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeziba ule mshipa.

Sikuweza kukaa tena. Nilisimama, nikasema yote: ugonjwa, ubongo, upande uliofutika. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema watu waliosoma hawakosi maneno. Nikaishika sahani, nikaigeuza, kilichokuwa kushoto kikawa kulia.

"Eh, munaniongezea?" mama akasema. "Hii sombe iko tamu sana. Ni nani amepika?"

Nilimvuta msichana kwa mkono, nikamzungusha mpaka kulia, karibu na dada.

"Ni mimi, maman."

Mama alimtazama muda mrefu, akamshika kidevu. Kisha akala mpaka sahani ikang'aa, na shangazi akaweka mkoba chini taratibu. Kaka alitoka nje. Tulimsikia akipenga kamasi nyuma ya ukuta.

Nilirudi kwenye kiti changu cha kushoto, nikashika mkono wa mama, furaha imenijaa. Yeye alikuwa bado anaongea na msichana.

"Karibu, mutoto yangu. Wewe utakaa na mimi. Mutoto yangu mukubwa, ule wa ku université, tangu nigonjwe hajakuya kuniona hata siku moja. Iko na kazi mingi. Usimukasirikie."

Chumba kizima kikanigeukia.

"Maman," nikasema, "niko hapa."

Akamgeukia dada yangu, akamtabasamia.

"Wewe, niko nakuona. Mi nasema ule mwingine."

Dada aliinuka, akanisogezea kiti chake cha kulia.