Moshi Katika Nyumba ya Kapera

Tulikuwa mimi, mke mwenzangu, kitinda mimba wangu aliyekuwa akisoma chuo kikuu, na shemeji yetu, kaka mkubwa wa marehemu mume wetu. Marehemu naye alikuwepo, kaburini hapo kando ya nyumba, ila hakuchangia neno. Wanawake wa pale kijijini kwetu Karungu walikuja baadaye bila kualikwa. Majina yao wote ninayo kichwani. Siyaandiki, wengine bado wana nguvu za kugombana.

Miaka hiyo ya tisini, wanafunzi wakipigana na polisi, chuo kinafungwa. Mwanangu akarudi amekonda kama omena iliyoanikwa, wale dagaa wa ziwa letu. Akasema siku hizi chuoni hupikiwi tena. Ukishindwa na bei ya sahani, unajipikia chumbani, na yeye hata chai hajui kuchemsha. Chuo kikifunguliwa harudi, afadhali avue samaki.

Nikaona nimfunze. Lakini kwetu kijana mwenye ndevu hachuchumai kwenye meko ya mama yake, kwa hiyo nikabeba mafiga mpaka kwenye simba yake, ile nyumba anayolala kijana kabla hajaoa. Sikufikiria moshi. Simba ikitoa moshi, kijiji kizima kinajua kijana ameleta mke. Unga haujashika maji, wanawake wameshafika na vigelegele, na shemeji nyuma yao amevaa koti la harusini.

"Bibi arusi yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyo mwenye mwiko," mke mwenzangu akamjibu. "Ana ndevu kidogo, lakini anajituma."

Shemeji alisoma chuo hichohicho zamani, enzi za weita waliovaa nguo nyeupe. Akatuhubiria mayai, siagi, na shuka zilizofuliwa na watu wengine, mpaka tukachoka. Mtoto wa ukoo huu, akasema, haendi chuo kikuu kushika mwiko. Nikamwambia basi aende yeye akawe weita wake. Wanawake wakacheka, yeye akavuta pumzi anijibu, na harufu ya chakula ikamfikia.

Alikula. Ugali ulikuwa mbichi katikati na omena imeungua. Akamega tena, akatafuna polepole, kisha akamgeukia mwanangu.

"Utarudi chuoni. Lakini maji yachemke kwanza, ndipo utie unga."

Akarudi kweli, na mwiko wangu akaenda nao katikati ya vitabu. Nikabaki nikisonga ugali kwa kipande cha kasia.

Ninyi mliokuwepo, kama nimekosea nisahihisheni. Labda kigelegele cha kwanza kilikuwa cha yule jirani wa kando ya ziwa, si wa huku juu. Lakini shemeji alimega tena. Hapo msiniguse.