Hina ya Rukia na Herufi Tatu

Mwanangu, hadi leo naikumbuka Jumatatu niliyotoka kazini Kilindini mbio mbio, nikapiga hodi kwa jirani yetu wa Kibokoni, Mama Rukia, habari njema zikiniwasha mdomoni. Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, msichana pekee pale, na maringo nilikuwa nayo, sitaficha.

Rukia, shoga yangu, alikuwa ameposwa na watu wa Lamu. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hivyo walii wa kumwozesha ni kaka yake Twalib, baharia, naye yuko melini. Harusi ilimngoja yeye.

"Yuwaja lini?" Mama Rukia akaniuliza.

"Alhamisi! Karatasi ya meli yake nimeiona kwa macho yangu. Imeandikwa ETA Alhamisi."

Basi nikaha ikapangwa Ijumaa. Watu wa Lamu wakaja, mbuzi wakachinjwa, Rukia akatiwa hina. Alhamisi meli haikuonekana. Ilifika Ijumaa, ikatia nanga nje kungoja nafasi gatini, na siku hizo hapakuwa na simu ya kumpata mtu aliye baharini. Jumapili watu wa Lamu wakarudi kwao, na bwana harusi wao. Twalib alishuka Jumatano.

Bwana Mutuku, karani wetu mkuu, mtu wa Machakos, alipozisikia habari hizo aliniita mezani kwake.

"Hizo herufi tatu, ETA, ni za muda inaotarajiwa meli kufika," akasema. "Ikishafika, bado haijafunga gati. Ikifunga, baharia hashuki mpaka apewe ruhusa. Wewe yote hayo umeyafanya jambo moja, ukampelekea mama wa watu."

Nilikwenda kuomba radhi.

"Sikulaumu, mwanangu," Mama Rukia akanambia. "Ulitaka kutufurahisha. Lakini lau ungenambia yatarajiwa tu, wale wageni ningewambia wasubiri."

Rukia alinionyesha viganja vyake, hina imeshaanza kupauka. Nililia pale pale, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Alhamdulillahi, mwezi uliofuata watu wa Lamu walirudi, nikaha ikasomwa, na hina nilimtia mimi mwenyewe. Mpaka leo nikimwalika chai, Rukia huniuliza: imeiva, au yatarajiwa?

Siku hizi ninyi huandika kwenye simu "nimefika" ilhali malori yamewafungia njia kule Kibarani. Najua hamna nia mbaya, hata mimi sikuwa nayo. Lakini kuna mtu ameshapakua wali. Linalotarajiwa sema linatarajiwa, hata uso wa anayekusikiliza ukipoa kidogo. Lililofika sema limefika. Na usilolijua, mwanangu, sema hujui, wala hutapungukiwa na kitu.

Mola akufikishe salama kila uendako, na ukifika umkute anayekungoja hina yake haijapauka.