Gari la Jicho Moja

Nyumbani kwetu, karibu na soko la Tawa, ukutani palikuwa na picha moja tu, nayo ilikuwa ya baba na gari lake. Landrova ya zamani yenye turubai nyuma, taa ya kulia ya mbele haipo, pamebaki tundu. Baba ameweka mkono juu ya boneti, kofia ameisukuma nyuma, tumbo amelitanguliza. Ungemwona ungesema huyu hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Hadithi ya picha hiyo niliinywa pamoja na uji. Kwamba baba alikuwa na gari wakati majirani hawana hata mkokoteni. Kwamba nilipokuwa bado nabebwa mgongoni aliliuza, pesa akaziweka posta, ili mimi nije nisome. Alipenda kuisimulia wageni wakija. "Huyu mnayemwona," alisema akinigonga kichwani, "amekula gari zima." Wageni walicheka, nami nikajivuna. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa akikusanya vikombe.

Nilisoma shule ya bweni. Nikirudi likizo nilikuta mbuzi wa Mwaitu wamepungua zizini, nikiuliza, baba anajibu ni fisi. Nami nilimlaani huyo fisi kwa moyo wangu wote.

Baba alipofariki nilisimama mbele ya waombolezaji na kuyasema hayo hayo, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nikasema mzee wetu aliuza gari lake ili mimi nifike nilipofika. Wanawake waliokaa na Mwaitu walianza kukohoa, mmoja baada ya mwingine. Mwaitu mwenyewe aliinamisha kichwa akawa anaangalia miguu. Nilidhani analia, na hilo likanipa nguvu ya kuendelea.

Sasa nina kazi yangu mjini Kitui, na mwaka huu niliamua kulirudisha gari la baba. Si lile lenyewe, maana nani alijua liliko, bali la aina yake. Nililipata nyuma ya duka la mbao, kuku wanataga ndani. Nikalipeleka kwa fundi, likanyooshwa, likapakwa kijani, likavishwa turubai. Likapendeza kweli. Kisha nikamwambia fundi aitoe taa ya kulia.

"Hii? Si ni nzima?" akauliza.

"Itoe."

"Mzee, askari watakusimamisha kila mahali."

Nilimfokea. Nikamwambia afanye kazi aliyopewa, mambo ya ukoo wangu ayaache. Akaitoa, akaifunga kwa gazeti, akanipa bila kunitazama.

Rafiki akaniingiza kwenye grupu la simu la watu wa Kitui na Makueni wenye magari ya zamani ya aina hiyo, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Desturi yao ni kwamba mgeni anaingia na picha ya kale na maneno mawili matatu. Nikaishusha picha ya ukutani nilipoenda nyumbani, nikaipiga kwa simu. Pembeni kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na mkono wa mwanamke umeshika kamba, na kwenye kamba kuna mbuzi, nusu yake. Uso wa mwanamke haukuingia. Tangu utotoni nilijua huyo ni mtu wa sokoni aliyekuwa akijipitia. Nikawaza, watu hawa na magari yao makubwa, niwaletee mbuzi? Nikamkata. Nilisogeza kidole kidogo tu, mkono ukaondoka na mbuzi akaondoka.

Chini nikaandika: "Gari la marehemu baba. Aliliuza ili nisome. Leo nimelirudisha."

Mtu wa Mbumbuni akatuma picha ya babu yake. Mkono juu ya boneti, taa ya kulia haipo. "Na hii je?" akauliza. "Babu alituambia ilikuwa yake, ikaungua." Kabla sijajibu, mwingine akaleta mjomba wake mwenye miwani ya jua. Boneti ile ile, tundu lile lile. Mwingine akaleta maharusi, bibi harusi amekalishwa kwenye bampa.

Basi grupu likachafuka kwa kicheko. "Kumbe sisi sote ni ndugu!" "Wakamba kwa maringo hatujambo!" "Angalieni miguu, hata wamesimama sawa!" Mimi damu ilinichemka. Nikaandika kwamba magari hufanana, na kwamba marehemu wangu si mtu wa kuchezewa. Hiyo nayo waliicheka, na haki yao.

Ndipo dada mmoja wa Mwingi akatuma ujumbe wa sauti. Ni wa familia ya Kiislamu iliyotoka kaskazini zamani na kuishi kwa biashara ya mifugo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua.

"Jamani, poleni. Hiyo gari ilikuwa ya baba yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa anakuja nayo Tawa siku ya soko, kununua mbuzi. Taa ilivunjwa na fahali, akakataa kuirudisha. Sasa mpiga picha wa hapo alimwomba aiegeshe mbele ya kibanda chake, na watu wakapenda kupigwa picha nayo. Baba hakumkataza mtu. Alikuwa anatuambia anaogopa siku moja watamnyima ufunguo."

Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini masikio yaliniwaka moto kana kwamba naangaliwa na soko zima. Niliona aibu kwa ajili ya baba, na hapo hapo nikaona aibu kwa kumwonea baba aibu. Nikaizima simu. Hata hivyo swali moja lilikataa kuzima. Kama gari halikuwepo, mimi nilikula nini?

Kulipokucha nikaipanda landrova yangu nikaenda kwa Mwaitu. Nilikuwa nimebeba picha ile iliyokatwa, imekuzwa na kutiwa fremu. Niliitengeneza kabla ya hayo yote, iwe zawadi yake.

Nilimkuta amekaa nje anachagua ndengu kwenye ungo. Alilitazama gari kwa muda, akatikisa kichwa.

"Hata jicho umelitoa?"

Nikampa fremu. Akaifuta kwa leso, akaisogeza karibu na macho. Akaigeuza akaangalia nyuma, akairudisha mbele.

"Na mbuzi umempeleka wapi?"

"Mbuzi gani, Mwaitu?"

"Mbuzi wangu. Alikuwa hapa." Akagonga ukingo wa fremu kwa ukucha. "Na mkono wangu ulikuwa hapa."

Nilikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi na suruali yangu ya mjini.

Akanieleza huku akiendelea kuchagua ndengu. Siku ya picha alikuwa amepeleka mbuzi sokoni, mimi niko mgongoni. Baba aliona watu wamejipanga kupigwa picha na gari la yule tajiri wa mbuzi, naye akajipanga. "Yule mpiga picha akaniambia nisogee, eti mbuzi anaharibu picha. Nikasogea, lakini si sana."

"Na shule?" nikauliza. "Pesa za posta?"

Aliuacha ungo, akanitazama usoni.

"Wewe na masomo yako yote. Fisi gani anayejua siku ya kufungua shule?"

Niliwaona wote, mbuzi baada ya mbuzi, wakishuka na Mwaitu kwenda Tawa kabla jua halijawa kali, mimi nikiwa bwenini nawaonyesha wenzangu jinsi baba anavyoweka mkono juu ya boneti. Na wale wanawake waliokohoa mazishini ndio waliotembea naye barabara hiyo. Walijua. Tawa nzima ilijua, kasoro mtoto aliyesomeshwa.

"Siku ile ya mazishi," nikasema, "mimi nilipokuwa naongea. Nilidhani unalia."

"Kulia? Jirani yangu alikuwa anataka kuangua kicheko. Nilikuwa namkanyaga mguu."

Alicheka yeye mwenyewe, akajipangusa macho kwa leso. Mimi sikuweza kucheka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii, na nikasikia sauti yangu imepanda, kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

"Uliwahi kuniuliza?" akasema. Kisha, taratibu: "Baba yako hakuwa mtu mbaya. Alitaka na yeye awe amekupa kitu. Nikamwachia."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini kila neno lililonijia lilikuwa la hotuba, na hotuba nilikuwa nimeshatoa za kutosha. Nikasimama, nikamwambia aje nimpige picha hapo kwenye gari. Alikataa, akasema nguo ni za kazi. Nikambembeleza. Mwishowe akainuka, akafunga leso vizuri, akaenda kusimama mbele ya landrova. Akaweka mkono juu ya boneti, akatanguliza tumbo, utadhani ni baba. Mkono ule ule wa pembeni, ila sasa umejaa mishipa.

Nikaelekeza simu. Nilitaka sana kumpa kitu, chochote, hapo hapo.

"Mwaitu," nikasema, "hili gari ni lako."

Akauondoa mkono kwenye boneti.

"Aiya!" akasema. "Hata wewe umeanza?"