Mikono Iliyovimba Bwegera

Vijana, siku yangu ya kwanza kazini, katika dispanseri ya Bwegera, nilichemsha vyombo mara tatu kwa hofu ya kukosea. Enfirmie mkuu, yaani muuguzi mkuu, akacheka: "Weye, iko unapika maharagi?"

Miaka ile ya hamsini tulichanja ndui. Tulikwangua ngozi ya mkono kwa kikalamu cha chuma kilichochovywa kwenye chanjo, yaani virusi visivyo vikali vinavyoufundisha mwili kujilinda. Baada ya wiki tulitazamia kipele kidogo tu. Lakini baadhi ya niliowachanja walivimba hadi kiwikoni, ngozi nyekundu, wana homa.

Daktari wa eneo akaja kutoka Uvira. "Chombo chako ni kichafu," alisema. "Nikirudi Jumatatu nisipopata sababu nyingine, kazi yako imekwisha."

Sikula. Nilishuku kucha zangu, sabuni, hata pumzi yangu. Kesho yake nikaenda kumwomba msamaha Mama Yohana, mkulima wa mpunga, ambaye mkono wake ulikuwa kama mhogo.

"Msamaha wa nini, mwanangu?" akasema. "Kwetu ni hivi tu. Hata dada yangu aliyeolewa Luvungi amevimba. Muangalie bwana yangu: ulimuchanja nyuma yangu, na kile kile chuma chako, iko analima!"

Kule Luvungi aliyechanja ni mwenzangu, kwa vyombo vyake. Nikapanda baiskeli, nikamkuta dada huyo amevimba vilevile. Hapo nikaona kosa letu: kitabu chetu cha chanjo kiliwaandika wake chini ya waume zao, kikauficha ukoo wao wa kuzaliwa. Nikazunguka nyumba zote nikiuliza na kumwandika kila mtu, "Ulizaliwa kwa nani?" Karibu wote waliovimba walikuwa wa ukoo mmoja.

Jumatatu daktari alisoma kurasa zangu akiwa amesimama, kisha akaketi, akazisoma tena. "Enfirmie," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "mimi nilitazama chombo. Wewe umetazama watu."

Leo wataalamu wanaita jambo hili jenetiki: tunarithi kwa wazazi namna mwili unavyopigana na virusi. Mwingine hupigana kimya, mwingine kwa uvimbe na homa. Sisi hatukuwa na neno hilo. Tulikuwa na kitabu, na daktari aliamuru kiongezwe safu ya ukoo wa kuzaliwa, kuanzia Luvungi hadi Uvira ziwani. Wa ukoo ule tukawaonya mapema wapumzike. Hivyo hawakuikimbia chanjo. Nilipostaafu Uvira, vijana, nilimkabidhi mrithi wangu kitabu kipya. Safu ile ilikuwamo, imepigwa mstari kwa rula.