Pigo la Kumi na Tatu

Nililifuta mimi. Kwa miaka minne nimesema kinasa sauti kilikuwa kibovu, mara nikasingizia upepo, mara mbuzi. Nililifuta mimi, kwa kidole hiki hiki ninachoandikia.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, natafuta hesabu iliyojificha ndani ya muziki. Nikaenda Lalago kurekodi kikundi kinacholima pamba kwa ngoma. Mpigaji wao alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Jua lilikuwa kali, nikakaa kivulini nimewapa mgongo wakulima. Nilichohitaji ni sauti tu, nilijiambia.

Nyumbani Bariadi nikahesabu. Mapigo kumi na mawili! Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili, tatu, nne, sita; nusura nilie. Tatizo, kila mzunguko mjomba aliongeza pigo moja. Kumi na tatu ni namba tasa, na nadharia yangu yote ilisimama juu ya kugawanyika. Nikalifuta kila lilipotokea, nikaandika: "Mpigaji huchelewa kutokana na umri." Kosa lililojirudia bila kukosea hata mara moja, nami msomi nikaliita kosa.

Shahada nikapata. Ningeishia hapo, afadhali. Lakini nilirudi Lalago kuwafundisha, wiki moja kabla ya mashindano ya vikundi. Nikawatandazia grafu zangu: mapigo kumi na mawili, si zaidi. Kabula, kiongozi wao, akamtazama mjomba, akanitazama mimi.

"Aliyesoma ni yeye," akasema.

Mjomba akavua mkanda wa ngoma, akampa mwenzake. "Sawa, mwipwa wangu." Basi. Hakunipigia simu tena.

Siku ya mashindano wakarusha majembe juu, kama wafanyavyo kila mzunguko unapoisha. Ngoma ikaanza upya majembe yakiwa bado hewani. Matatu yakadondoka, moja juu ya kidole cha mguu cha Kabula. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nikasema hawakufanya mazoezi ya kutosha. Na kazi yangu ni kufundisha wanafunzi kwamba kinachorushwa juu huchukua muda kushuka!

Kikundi kilimwomba mjomba arudi kwenye ngoma. Akakataa, mwaka hadi mwaka.

Wewe unayekwenda kuwatafiti ndugu zako, vumilia jua. Geuka uwatazame.

Juzi asubuhi Kabula alinipigia.

"Mwangaluka, mwalimu. Mjomba wako yuko hapa. Anasema atarudi, ila ana sharti. Sikiliza kwanza."

Ngoma ikalia simuni. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na mbili. Kisha pigo moja, peke yake, na baada yake viganja vikidaka mipini.

Mjomba akaja kwenye simu. "Mwipwa, nimechelewa?"

"Hapana, mjomba."

"Basi kawaambie waliokupa cheti."