Nyumbani Unasikiliza na Nani?

Nakumbuka vizuri siku moja ya kazi yangu ya ujana, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Umeniambia umeajiriwa kwenye jarida la muziki, na mhariri wako anataka uwajue wasomaji: ni kina nani, wanapenda nini. Basi kaa kidogo. Kazi hiyo niliifanya mimi, hapahapa Kampala, wakati wa utawala wa jeshi.

Nilikuwa nimetoka Kisumu na kiburi changu cha shule. Jarida letu lilikuwa dogo, na ofisi ilikuwa chumba kimoja cha Old Kampala, nyuma ya duka lililoachwa na Wahindi walipofukuzwa. Nikabuni kuponi ya wasomaji: jina lako, mtaa wako, wimbo uupendao, na swali nililojivunia kuliko yote, "Nyumbani unasikiliza na nani?" Barua bora tungeichapa, na mwandishi wake apate santuri.

Barua zikamiminika. Tulidhani tunawaandikia vijana wa dansi, kumbe wengi walikuwa wake za askari, walinzi, mafundi cherehani wa Nateete. Nilifurahi mno. Iliyonigusa zaidi ilitoka kwa Akello, msichana wa Kisugu. Aliandika kwamba husikiliza na kaka yake, aliyeacha jeshi na siku hizi hatoki nje. Huweka sauti ya chini, majirani wasijue kuna mtu ndani.

Mpanga herufi wetu, Mzee Drani, alikuwa polisi zamani. Alinijia na barua ile mkononi.

"Binti, hii barua unaweka na jina yake?"

"Ndiyo, mzee. Wasomaji wanapenda ukweli."

"Wasomaji gani? Wewe unajua wale walituma kuponi. Wale hawakutuma, unajua wao?"

Nikamwambia apange herufi, mambo ya uhariri aniachie mimi. Nilimjibu hivyo mtu wa rika la baba yangu, mwanangu, naye akainama akapanga. Naona aibu hadi leo.

Wiki ya pili baada ya jarida kutoka, Akello akaingia ofisini na sare ya shule, jarida amelikunja mkononi. Watu wa usalama walikuja kwao mchana na ukurasa ule, wakamchukua kaka yake. Santuri ya zawadi ilikuwa bado mezani kwangu. Sijui nilifikiri nini, nikamsogezea. Hakuigusa.

"Dada, mimi niliandikia wewe," alisema. "Wewe tu."

Kaka yake hakurudi. Mzee Drani alikusanya kuponi zote, akazichoma uani, nami nikasimama pale nikilia, nikimpa moja moja.

Kwa hiyo mjue msomaji wako, mwanangu, ni kazi nzuri. Lakini anayekueleza ya nyumbani kwake amekuamini wewe, si kila mwenye hela ya kununua jarida. Kabla hujachapa, jiulize ni nani mwingine atausoma ukurasa huo, na anautafutia nini. Na mtu mzima akikuuliza jambo kazini, weka kalamu chini umsikilize.

Mungu akubariki katika kazi yako, na awalinde wote watakaokuandikia. Amtulize Akello popote alipo. Na kaka yake, ambaye jina lake sikuwahi hata kuliuliza, Mungu ampumzishe.