Nati Mbele ya Ratu

Binamu yangu Vilikesa ndiye fundi wa kijiji chetu, na miaka yote nimemwona akifanya kazi kwa magoti. Si ibada hiyo. Lori la kijiji likiharibika tu, chifu wetu Ratu Apakuki huja na mkeka wake, akautandika kando ya gurudumu, akaketi kusimamia. Na Ratu akiketi chini, nani wa kusimama? Unatambaa. Ukitaka spana iliyo juu ya kiti cha dereva, kwanza uombe radhi, upige makofi, ndipo unyooshe mkono.

Alhamisi ile Vilikesa alikuwa hana raha hata kidogo. Madaktari wa macho walikuwa mjini Labasa, kesho yake ndiyo siku yao ya mwisho, kisha mpaka mwaka ujao. Mkewe, Mereseini, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Chai alikuwa akiimimina kando ya kikombe, halafu anacheka mwenyewe. Vilikesa hakucheka. Mwaka uliotangulia lori liliwafia njiani, wakarudi kwa miguu, yeye kamshika mkewe mkono.

Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imekatika, bushi zimelika, na kutu imekula kila kitu, maana sisi lori letu tunaliosha baharini ili ling'ae. Ndiyo, baharini, kwa maji ya chumvi, kila Jumamosi. Mabingwa wa usafi! Springi nyingine tulikuwa nayo. Kilichobaki ni kuifungua ile iliyokatika, na nati moja tu ndiyo iliyogoma.

"Vuta, binamu!" nikamwambia.

"Nivute na nini, na magoti? Njoo uvute wewe, tumbo hilo la nini?"

Nati ile ilitaka bomba refu lichomekwe kwenye mpini wa spana, na mtu mzima asimame aliegemee kwa uzito wake wote. Tukaimwagia dizeli, tukaigonga, tukaipasha moto. Tukigonga mara tatu, Ratu anasema, "Pumzikeni, wanangu," na bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, linaletwa. Tunapiga makofi, tunakunywa, ndimi zinakufa ganzi. Kisha anatoa ushauri.

"Nati hiyo inataka upole," akasema.

Upole! Nati imekaa humo tangu enzi za baba yake!

Nikanong'ona kwamba labda Ratu angepelekwa kivulini, mbali kidogo. Msemaji wake, mzee Etuate, akanisikia.

"Unamfukuza Ratu kwenye mkeka wake? Wewe kama nani?"

Nikafyata mkia.

Alasiri Vilikesa akaliachia bomba likining'inia kwenye spana. "Basi," akasema. "Mke wangu atapofuka, sisi huku tunapiga makofi." Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mereseini alikuwa mlangoni pa nyumba yao hapo kando, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Akaja akipapasa ubavu wa lori mpaka akalipata bomba. Akasimama wima, pande la mama, sketi yake karibu imguse Ratu begani, akaliegemea kwa uzito wake wote. Nati ikalia kwaa! Ikaachia.

Etuate akashika kichwa. "We mama! Umesimama, Ratu ameketi!"

"Ratu?" Mereseini akageuza uso huku na huku. "Kwani yupo? Mie sioni, jamani."

Hayo anayasema Ratu akiwa katikati ya kukohoa, kikohozi chake kile kinachosikika mpaka kijiji cha pili. Ratu akamtazama, akaitazama nati.

"Haoni," akaamua. "Mwacheni akatibiwe."

Springi ikafungwa kabla jua halijazama, kesho yake wakaenda Labasa. Mereseini alirudi anaona kila kitu, akaanza kutuhesabia mvi na kutuambia nani nguo zake chafu.

Miezi miwili baadaye ikakatika springi ya upande wa kulia. Ratu akaja na mkeka. Tukatambaa weee, nati haitaki. Mwishowe Vilikesa akamwita mkewe, akamkabidhi bomba. Mereseini akamtazama Ratu, akatutazama sisi wanaume sita tuliopiga magoti, kisha naye akapiga magoti taratibu.

"Nisameheni," akasema, akimrudishia mumewe bomba. "Sasa namwona. Tafuteni kipofu mwingine."